Kabla hujapaka X: namna ya kuingia kazi ya kukagua majengo ya zamani, Kisumu na hata Nakuru

Mwaka wangu wa pili kazini tulitumwa mimi na mwenzangu tukaangalie duka moja katikati ya Kisumu, unajua zile za zamani za ghorofa moja, baraza mbele, mwaka wa kujengwa umeandikwa juu kabisa karibu na paa, chini hadiwea na juu wapangaji. Kulikuwa na ufa umetoka kona ya mlango ukapanda mpaka dirisha la juu, na kadiri ulivyopanda ndivyo ulivyopanuka. Mwenzangu alikuwa ameshatoa mkebe wa rangi nyekundu, ile ya kupaka X ukutani kuonyesha jengo ni hatari, libomolewe. Mwenye duka, mzee aliyezaliwa hapohapo juu ya duka, akatuambia tu pole pole, "Vijana wangu, huo ufa mvua ikianza unajifunga." Tukacheka. Ilikuwa Februari, jua la Kisumu unalijua, tukaona huyu anatafuta tu njia ya kutuondoa.

X haikupakwa hiyo siku, na sitadanganya kwamba ni busara, ni rangi ilikuwa imeganda kwa mkebe. Lakini fomu ilibidi ijazwe kwa hivyo nikaweka rula, milimita 7. Mwezi wa tano nikapita hapo na shughuli zingine, nikaona kwanza niangalie, nikaweka rula palepale. Milimita 3.

Tangu siku hiyo jengo lolote lenye miaka likitokea wananituma mimi, na vijana wa atachmenti huniuliza venye mtu anaingia hii laini, kwa hivyo wacha niandike mara moja nipumzike kurudia.

Kwanza jina. Ukisema wewe ni savea huku kwetu watu wanadhani unakuja kuhesabu mawe ya mpaka wa shamba, shangazi yangu mpaka leo ananingojea nimalize kesi yake na jirani. Savea wa majengo ni mtu mwingine. Anaangalia plani kabla ijengwe, anaenda sait kuona msingi, slabu, ringi bimu (ule mkanda wa zege unaozunguka kuta juu), paa, na mwisho ndio cheti cha kuruhusu watu waingie. Kwa kaunti mara nyingi utaitwa tu inspekta, na wananchi watakuita kanjo, zoea. Hiyo ni kazi ya majengo mapya. Majengo ya zamani yanakuja kwako kwa mlango wa nyuma: mtu anataka kugeuza nyumba ya zamani iwe gesti, mwingine anataka kuongeza ghorofa juu ya duka la babake, mwingine plasta imeangukia mpita njia na sasa chifu amepiga simu. Hakuna ofisi utaingia uambiwe hii ndio dawati ya majengo ya kale. Dawati unajitengenezea, unakuwa wewe ndiye mtu asiyekimbia hizo faili.

Makaratasi

Njia ya kawaida ni diploma ya ujenzi, kama ile ya Kisumu Poly, ama digrii ya uhandisi, usanifu au usimamizi wa ujenzi, chuo kikuu cha Masinde Muliro (MMUST) pale Kakamega wana uhandisi na chuo kikuu cha Maseno wana mipango miji, zote zinakufikisha. Chama cha masavea, ISK, kina tawi lake la masavea wa majengo, jiunge ukiwa bado mwanafunzi ju hapo ndio unakutana na watu wenye wameona mengi. Nafasi za kaunti zinatangazwa na bodi ya utumishi ya kaunti, si mtu anakuita pembeni akwambie kuna kitu, ukiitwa pembeni jua tayari kuna shida.

Lakini hakuna hata moja ya hizo kozi itakufundisha ukuta wa chokaa. Mimi nilisoma miaka yote hiyo na hesabu zote zilikuwa za zege na chuma. Hayo mengine niliyatoa kwa fundi. Kama unaweza kupata atachmenti pwani, nenda, hata kama nauli itauma. Mji wa kale wa Lamu uko kwa orodha ya UNESCO tangu 2001 na Fort Jesus tangu 2011, na huko kuna mafundi wenye wanashika matumbawe na chokaa kila siku ya Mungu, si kwa maonyesho. Mimi nilikaa Mombasa wiki 3 tu nikarudi nimebadilika mkono. Kama pwani haiwezekani, andikia Makumbusho ya Kitaifa, NMK, wana makumbusho hapa Kisumu, Kitale, na Hyrax Hill pale Nakuru, uombe hata kubeba ngazi.

Sheria chache za kujua kabla ya mdomo wako kufunguka

Sheria ya mipango na matumizi ya ardhi ya 2019 ndio inakupa nguvu: mtu hajengi, haongezi, habadilishi matumizi bila ruhusa ya kaunti. Kanuni za ujenzi zenye tulikuwa tunatumia zilikuwa za 1968, sasa kuna za kitaifa za 2024, zisome zote mbili, manake jengo la 1930 halikujengwa kwa hizi wala zile. NCA, mamlaka ya kitaifa ya ujenzi, wanaandikisha wakandarasi na miradi. Halafu kuna ile sheria ya makumbusho na turathi ya 2006, hiyo ndio wengi hawaijui. Jengo likishatangazwa kwenye Gazeti la Serikali kuwa turathi, hakuna mtu analigusa bila idhini ya upande wa NMK, awe mwenyewe, awe mkandarasi, awe gavana. Kwa hivyo kitu cha kwanza faili ikifika mezani ni kuangalia kama jengo limetangazwa. Usiulize mwenyewe, mwenyewe atakwambia halijatangazwa. Angalia gazeti, andikia NMK, weka jibu kwa faili.

Kasri la Lord Egerton kule Njoro limetangazwa, tangu 1996. Majengo mengi yenye unapita kila siku mjini hayajatangazwa, na hapo ndipo kazi inakuwa ngumu kidogo, ju sheria haikusaidii, unabaki na mdomo wako na ripoti yako.

Sasa ukaguzi wenyewe

Usianze na ufa. Najua macho yanaenda huko. Anza na maji. Zunguka jengo lote nje ukiangalia juu, mvua ikinyesha kwa paa inaenda wapi? Gata ziko? Zimejaa majani ya mwembe? Ile paipu ya kushusha maji inaishia wapi? Nimeona majengo yenye kila kitu kiko sawa isipokuwa paipu moja imekatika mita moja juu ya ardhi, maji yanamwagika palepale kona miaka kumi, halafu mtu anakwambia jengo limezeeka. Jengo halijazeeka, linalishwa maji.

Ukitaka kufanya mazoezi nenda hilo kasri la Egerton, lilianza kujengwa 1938 likaisha 1954, vyumba 52. Watu wote wanaenda pale kusikiliza hadithi ya mapenzi. Wewe lipa kiingilio, waache na hadithi, fuata maji kutoka juu ya paa mpaka ardhini, chora kwa daftari. Ukimaliza hivyo kwa jengo moja kubwa hutawahi kuangalia nyumba tena kama raia.

Baada ya maji ndio ardhi. Hapa Kisumu sehemu za chini kuelekea Kano ni udongo mweusi, ule wa kushika gamubuti. Ukilowa unavimba, ukikauka unajikunja na kupasuka, na nyumba ya zamani yenye msingi mfupi inapanda na kushuka nao kama mtu amelala kwa kifua cha mwingine. Ndio siri ya yule mzee wa hadiwea. Kiangazi udongo umejikunja, ufa umefunguka, masika umevimba, ufa umejifunga. Na kona moja ya duka ilikuwa na ile paipu niliyosema, hapo udongo haukauki kamwe, kwa hivyo kona hiyo imesimama na ukuta mwingine unashuka, ufa lazima utokee katikati. Nakuru ni hadithi nyingine, mji umekaa juu ya majivu ya volkano na nyufa za ardhi yenyewe, mvua kubwa inaweza kufagia majivu chini na ardhi ikazama, kwa hivyo huko ukiona ufa angalia pia barabara na ua, usiangalie ukuta peke yake.

Sasa ndio urudi kwa ufa. Hivi ndivyo nafanya mimi. Natafuta sehemu 3, chini, katikati, juu. Kila sehemu nachora mstari mdogo wa penseli pande zote mbili za ufa, naandika tarehe palepale kwa ukuta, napima umbali kati ya mistari kwa kalipa (kile kifaa cha taya mbili cha kupima milimita), napiga picha na rula ikiwa ndani ya picha. Mahali mwenyewe anakubali nabandika kipande chembamba cha kioo juu ya ufa na plasta kidogo kila upande, kioo kikipasuka najua ukuta umesonga, kisipopasuka mwaka mzima huo ufa ni mzee amestaafu. Halafu narudi. Mara ya kwanza kiangazi, mara ya pili masika, na kama naweza tena kiangazi kinachofuata. Bosi atakusumbua anataka ripoti Ijumaa. Mpe ripoti ya Ijumaa lakini iseme wazi kwamba upimaji unaendelea na tarehe ya kurudi ni hii.

Upana peke yake hausemi yote lakini kuna vipimo vya kukushika mkono. Mpaka milimita 5 kwa kawaida ni kazi ya kuziba na kupaka. Kutoka 5 mpaka 15 milango itaanza kukwama na unahitaji kufungua ukuta kidogo. Ukipita 15 kuelekea 25 hapo ita mhandisi, na kama ukuta umeinama au bimu imetoka kwa kiti chake toa watu leo, usingoje mvua wala kiangazi. Hiyo ndio X ya haki. Tarehe 29 Aprili 2016 ghorofa la Huruma lilianguka usiku wa mvua likaua watu karibu hamsini, na halikuwa jengo la kale. Sitaki mtu asome hii aseme nimemwambia asipake X. Paka, lakini ujue kwa nini.

Paa na mbao. Beba bisibisi na tochi ya nguvu. Panda darini, choma mbao na bisibisi pale inapokaa juu ya ukuta, hapo ndipo maji na mchwa hukutana. Mbao nzuri inakataa, bisibisi inaruka. Mbao imeliwa inameza bisibisi mpaka mpini na juu bado imepakwa rangi inang'aa. Mara nyingi mwisho tu ndio umeoza, sentimita 40 hivi, na fundi mzuri anakata hiyo anaunganisha mbao mpya, hakuna haja ya kung'oa paa lote. Hizi za zamani nyingi ni mtarakwa au mvule, huwezi kuzipata sokoni leo kwa huo unene hata ukiwa na pesa. Ukikuta vigae vya Mangalore, vile vyekundu vilivyoletwa na meli kutoka Uhindi, vina jina la kiwanda nyuma, vihesabu na uandike vingapi vimevunjika, ju mwenyewe atauza vilivyobaki ukigeuka. Ukikuta paa za asbesto, na kwa nyumba za zamani za serikali utazikuta, usitoboe, usipande juu, usifagie. Tangu kanuni za 2006 ni taka hatari na zinatolewa na watu wenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira.

Sakafu za mbao sasa, hapa nitakaa kidogo. Sakafu ya juu ya duka la zamani ilitengenezewa familia kulala, chukua kilo 150 hivi kwa kila mita mraba. Mfuko wa simiti ni kilo 50. Yaani mifuko 3 kwa mita mraba na umefika. Nimeingia stoo ya juu nikakuta mifuko imepangwa kumi kumi kwenda juu, safu sita, na chini kuna mama anauza uji. Sikuangalia ufa wowote hiyo siku. Nilihesabu mifuko kwa sauti, mwenye stoo akisikia, nikampigia hesabu kwa nyuma ya risiti yake mwenyewe, na kabla ya jioni vijana walikuwa wanashusha. Hakuna turathi iliyoguswa, hakuna barua. Mara nyingi dawa ya jengo la zamani ni kupunguza mzigo, si kuongeza chuma.

Moto ni hivyo hivyo. Kanuni zinataka njia mbili za kutoka, ngazi isiyoshika moto, na jengo lina ngazi moja ya mbao yenye mikono mizuri ya kuchonga. Ukisema ibomolewe umeua kitu na bado hujaokoa mtu. Uliza kwanza watu wangapi wako juu, na wanafanya nini. Ukiondoa cyber yenye viti 30 ukaweka ofisi ya watu 6, ukatoa nyaya za zamani zote, ukaweka mlango unaostahimili moto dakika 30 chini ya ngazi, na plasta nzito chini ya sakafu, na kengele, na ngazi ya chuma nyuma kwa ua pale haionekani, unaweza kufika pale kanuni ilitaka kufika, kwa njia nyingine. Hayo yote andika, kila kimoja kimefanywa badala ya nini. Mkubwa wako anaogopa kusaini kitu hakieleweki, ukimweleza anasaini.

Chokaa, na aibu yangu

Nyumba moja ya zamani upande wa Milimani, nilikuwa bado mgeni, mama mwenye nyumba analalamika unyevu umepanda kwa ukuta mpaka magotini. Nikamwambia kwa ujasiri wote, mama, toa hiyo plasta laini yote, weka simiti, moja kwa tatu, halafu rangi ya kuzuia maji. Akafanya. Akatumia pesa. Baada ya masika mbili unyevu ulikuwa umefika mabegani na plasta ikaanguka ikiwa imeshika ngozi ya mawe, yaani jiwe lilimenyeka kama kiazi. Maji yalikuwa yanatoka ardhini yakipumulia kwenye ile plasta ya chokaa, mimi nikaziba pua, yakapanda kutafuta pa kutokea na chumvi yake ikaganda ndani ya jiwe na kulipasua. Nilirudi kuomba msamaha. Alinipa chai, jambo ambalo liliniuma zaidi.

Kwa hivyo jifunze chokaa. Koru hapo karibu wanachoma chokaa, huna haja ya kuagiza mbali, lakini kuna mtego: chokaa ya shamba si chokaa ya ujenzi. Ya shamba ni mawe yamesagwa tu, haishiki chochote hata ungoje mwaka. Muuzaji anaweza kukupa yoyote ju zote ni unga mweupe kwa gunia. Beba ndimu. Chota kijiko, kamulia matone. Ikitoa povu kama soda, hiyo ni ya shamba, au ni ya ujenzi iliyokaa kwa hewa mpaka ikafa. Ikinyamaza, nunua.

Loweka kwa pipa la plastiki, maji yafunike juu, iache ilale wiki mbili au zaidi iwe kama maziwa mala. Vaa glavu na miwani, ikiingia jicho si mchezo. Changanya moja kwa tatu na mchanga mkali wenye chembe kubwa na ndogo, si ule laini wa mto wenye matope. Kwanza ukuta ulowe, halafu safu nyembamba, milimita 10 hivi, ngoja igande vizuri kabla ya nyingine. Na hapa Kisumu jua ndio adui, tundika magunia ya katani yaliyoloweshwa mbele ya ukuta siku kadhaa, ikikauka haraka inageuka unga. Fundi wako atalalamika kwamba ni kazi ya polepole. Ni kweli, ni ya polepole, mlipe kwa siku usimlipe kwa mita.

Nakuru mna bahati nyingine, majivu ya volkano yakisagwa na kuchanganywa na chokaa yanashika hata penye maji, hata simiti nyingi madukani zinawekewa hayo majivu. Jaribu kwa kipande kidogo kwanza, si kwa ukuta wa mbele.

Na ukitaka kuona ukuta usiotaka chochote, enda Thimlich Ohinga kule Migori. UNESCO waliiweka kwa orodha 2018. Mawe matupu, hakuna tope hakuna chokaa, kuta za mita 1.5 mpaka 4.5, zimesimama tangu kama karne ya 16. Ukuta wa nje na wa ndani vimejengwa kila kimoja kivyake na katikati pamejazwa mawe ya kuvishikanisha. Kaa chini uangalie venye jiwe limelalia mawili. Halafu fikiria mtu anakuja na toroli ya simiti kuisaidia.

Watu

Adui wako si mwenye nyumba, hata kama anakupigia kelele. Mara nyingi ni ndugu wanane wamerithi duka, mmoja yuko Nairobi, mmoja Leicester kule Uingereza, kila mmoja anataka kuuza, na mtu ameshawaahidi kununua pakiwa patupu pasafi. Wakikuita wanataka wewe useme jengo ni hatari. Chai itakuja, na si ya kwa kikombe. Safari hii chai ni ya kupaka X, safari nyingine ni ya kutopaka, na dawa ni moja tu: vipimo vyenye tarehe, picha zenye rula, nakala mbili. Mtu hawezi kununua milimita 3.

Na usichore plani za jengo utakaloenda kupitisha mwenyewe. Vijana wengi wanafanya hivyo jioni wapate ya nauli. Mshahara wa kaunti si mkubwa na unachelewa, najua, lakini siku jengo likileta neno jina lako litakuwa pande zote za karatasi.

Wenye wanawaza Uingereza

Wananiuliza sana hii. Kule hiyo kazi ya kudhibiti ujenzi ilibadilika baada ya moto wa Grenfell Tower, London, 14 Juni 2017, watu 72. Sheria ya 2022 ikaleta msimamizi mpya, na tangu 6 Aprili 2024 huwezi kufanya kazi ya inspekta wa majengo England bila kuandikishwa naye, madaraja ni manne, la 1 ndio la wanafunzi. Wana vyama vya wataalamu wa majengo, RICS, CABE na CIOB, kimojawapo utakiingia. Tofauti kubwa na sisi ni kwamba kule mwenye kuangalia kanuni na mwenye kuangalia turathi ni watu wawili, wa pili anaitwa ofisa wa hifadhi na chama chao ni IHBC, na hao wawili wanagombana vizuri tu kwa barua. Majengo yao yamepangwa Grade I, II* na II. Kanuni zao za kuhifadhi joto zinalegezwa pale zitaharibu sura ya jengo la kale. Kuna chama kingine, SPAB, tangu 1877, kinafundisha watu kukarabati badala ya kufanya upya, na mengi wanayosema kuhusu chokaa yanafaa hata Kisumu. Lakini usiende ukidhani diploma yako itapokelewa hivyo tu, andika kwanza uliza ni madaraja gani unaweza kuanzia. Huku kwetu hizo kofia mbili unavaa mtu mmoja, na hilo ukilieleza vizuri kwa intavyuu linakusaidia.

Uanzie wapi kama huna kazi bado

Chagua jengo moja mjini kwako lenye unaweza kulifikia bila kuomba funguo. Kisumu una mnara wa saa wa 1938, uliojengwa kumkumbuka Kassim Lakha, una stesheni na bandari zilizoanza na reli ilipofika Port Florence 1901, una maduka ya Oginga Odinga Street. Nunua daftari ya jalada gumu na kalipa ya plastiki, zile za bei nafuu zinatosha. Chora sura ya mbele ya jengo hata kama huchori vizuri. Weka alama kila ufa, kila doa la unyevu, kila paipu. Ongea na mlinzi, yeye ndio analala hapo mvua ikinyesha. Rudi kila mwezi siku hiyohiyo, andika tarehe, vipimo, na kama ilinyesha wiki hiyo. Mwaka ukiisha una kurasa 12, na hizo ndizo utaweka mezani siku ya intavyuu kabla hawajafungua vyeti.

Ile ya hadiwea nilipima hadi mwaka uliofuata. Mzee alirefusha paipu kwa pesa yake, ikamwaga kwa mtaro wa barabarani, na Februari ufa ulisoma milimita 4 badala ya 7. Mwezi wa tano nikarudi na fundi, kiangazi ufa ulipokuwa mpana tulikuwa tumeuacha, tukauziba kwa chokaa ukiwa umejifunga, alama za penseli nikaziacha.